Mbeba Ndoo wa Feketevölgy

Feketevölgy, 14 Machi 1993

Kaka Vendel,

Anwani yako nimepewa na binti yako Magdi, tulipokutana kwenye foleni ya mkate. Ameniambia uko Linz, unafanya kazi ya ujenzi kwa Waaustria, na kwamba mgongo unakuuma ila hukubali kusema. Kama umebadilika, basi si sana.

Huku mgodi umefungwa kabisa. King'ora cha zamu hakilii tena, lakini watu bado wanaamka saa ile ile, wanakaa jikoni na kahawa yao, hawajui pa kwenda. Mimi nimestaafu shule. Uwanja wetu upo, nyasi zimekuwa ndefu upande wa lundo la mawe ya mgodi. Bafu la wachimbaji limefungwa kwa kufuli. Juzi nilichungulia dirishani nikaviona vile vigae vyeupe ulivyokuwa ukivichorea mbinu kwa kidole, mvuke ukitanda, na vijana uchi wamejipanga mbele yako, weusi kwa makaa, wanasikiliza kama wako kanisani. Ulikuwa unasema upesi kabla mvuke haujafuta mchoro. Sijawahi kuona ubao bora kuliko ule.

Nakuandikia kwa jambo moja. Umesikia kwamba Kombe la Ulaya ya Kati limefutwa. Mwaka jana lilichezwa mara ya mwisho, na hakuna aliyelilia. Sasa kuna mwandishi wa michezo anaitwa Keserű, anatunga kitabu cha makocha wote waliolitwaa tangu mwanzo. Kila mwaka mstari mmoja: mwaka, timu, kocha. Na klabu nayo inataka kutundika kibao cha shaba kando ya lango la uwanja, kizinduliwe tarehe 19 Juni. Kitakuwa na mwaka 1977, majina ya wachezaji, na jina la kocha.

Wewe na mimi tunajua karatasi inasema nini na uwanjani kulikuwa na nini. Katibu wa chama tawala aliyepanga mambo yale amekufa, na chama chenyewe kimekufa. Hakuna wa kutuadhibu tena. Basi nakuuliza: nikiulizwa, niseme nini? Nitafuata neno lako.

Wako,
Ottó Halmai


Linz, 23 Machi 1993

Ottó,

Barua yako imefika. Usiisahihishe hii kwa wino mwekundu. Naandika nimekaa juu ya mfuko wa saruji, wakati wa mapumziko.

Unasema "tunajua uwanjani kulikuwa na nini", halafu unanyamaza. Unaona haya hata kuliandika. Basi nitaandika mimi niliyeishia darasa la sita.

Mimi ndiye niliyeifundisha timu ile. Miaka minne. Wewe ulikuwa mwalimu wa michezo shuleni, mtu mzuri, mwenye cheti cha ukocha ulichokipata Budapest kwa kusoma vitabu. Mimi sikuwa na cheti, na kozi hawakunipokea kwa sababu ya hilo darasa la sita. Tulipopanda daraja, chama cha mpira kikasema timu isiyo na kocha mwenye cheti haichezi. Ndipo yule katibu wa chama tawala akatuita ofisini. Bado nakisikia kikohozi chake. "Ndugu Sipos atafundisha, Ndugu Halmai atatia saini. Na atakayefungua mdomo nitamshusha chini ya ardhi, zamu ya tatu, mpaka astaafu." Wewe ukaandikwa kocha. Mimi nikaandikwa mchuaji. Mimi, ambaye nikimkanda mtu msuli analia!

Mchuaji ana haki moja tu ambayo hata kocha hana: mchezaji akiumia, anaruhusiwa kuingia uwanjani. Kwa hiyo nikawa na ndoo yangu ya maji na sponji, na nikawa na Bikfalvi. Beki mkubwa kama kabati, hakuna aliyewahi kumwumiza, lakini nikikohoa mara mbili pale kwenye benchi, anaanguka kama mti. Nilimfundisha aanguke ameshika mguu wa kushoto, siku zote wa kushoto, kwa sababu kushoto ndiko lilikokuwa kovu lake la mgodini. Refa akimshusha soksi aone kama anadanganya, anakutana na kovu jeusi lenye vumbi la makaa ndani, anatikisa kichwa, ananiita mwenyewe: "Mchuaji, njoo!" Nami nakimbia, napiga magoti, namwaga maji, na huku natoa amri. "Wewe rudi nyuma hatua kumi. Mwambie Tornyos aache kujionyesha. Yule winga wao anaogopa mguu, mpe mguu." Kisha nachukua ndoo narudi kukaa, na wewe unatazama mbele kama picha ya waziri.

Waitalia wale wa fainali waliandika kwenye gazeti lao kwamba Wahungari wana moyo, ila miili yao ni dhaifu mno. Siku ile Bikfalvi alianguka mara saba.

Nakumbuka na harufu pia. Maji ya ndoo yalinuka sabuni ya bafuni, kwa sababu ndoo yenyewe niliiazima kule na sikuirudisha.

Umeniuliza useme nini. Sema unachotaka. Zege imefika, wananiita.

Vendel Sipos


Feketevölgy, 2 Aprili 1993

Kaka Vendel,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Kumbe ulihesabu! Mimi nilidhani ni mara sita.

Nashukuru umenielewa. Nimefikiri sana juu ya lile neno lako, sema unachotaka, na naona una busara kuliko mimi. Mambo haya ni ya zamani. Karatasi ya mechi ipo, saini ipo, na kuanza kueleza leo kutawachanganya watu bure, hata pengine wachezaji wataonekana wadanganyifu. Basi tuyaache kama yalivyo kwenye karatasi. Sisi wawili tunajua, na hilo linatosha.

Siku ya kibao nitahakikisha unatajwa miongoni mwa wasaidizi. Ukiweza kuja, mke wangu atapika supu ya maharage na mguu wa nguruwe, ile uliyokuwa ukila bakuli tatu.

Utunze mgongo.

Wako,
Ottó


Linz, 11 Aprili 1993, Pasaka

Ottó,

Leo hatufanyi kazi, kwa hiyo nina muda wa kukuandikia vizuri.

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha gazeti. Kina mafuta kwa sababu kilifungiwa soseji. Kigeuze uone tarehe. Ni tarehe 6 Machi. Picha ni yako, umesimama mbele ya lango la uwanja, umevaa koti lako la mikutano. Chini wameandika: "Ottó Halmai, kocha aliyeiletea Feketevölgy kombe." Na ndani ya habari wewe mwenyewe unasema, "Vijana walinisikiliza."

Tarehe 6 ulishasema. Tarehe 14 ukaniandikia kuniuliza useme nini.

Nilikuwa nimeshaliona gazeti hili nilipokujibu mara ya kwanza. Nilinyamaza makusudi. Nikasema ngoja, huyu ni mtu mzima, atayatapika mwenyewe. Badala yake umeniita mwenye busara na kuniahidi supu.

Sasa nikueleze lilivyonifikia. Hapa kambini tuko Wahungari wanne, Wakroati na Waturuki. Mimi ndiye mzee kuliko wote na kazi yangu ni ya chini kuliko zote, saidia fundi, nasukuma toroli. Wakati wa baridi, tukiwa tumekaa karibu na jiko, niliwahi kuwaambia kwamba mwaka 1977 nilitwaa Kombe la Ulaya ya Kati. Sikujigamba. Waliuliza kila mtu alifanya nini zamani, mmoja alikuwa mwokaji, mmoja alikuwa jela, nami nikasema langu. Tangu hapo wakaniita Kocha. Nusu utani, nusu heshima. Niliipenda ile nusu ya pili.

Kisha Zsiga akarudi kutoka kwao Szeged na soseji zake. Huyu Zsiga mdomo wake haujui kupumzika. Akafungua gazeti, akapanda juu ya ndoo ya rangi mbele ya watu wote.

"Kocha! Njoo usomewe historia yako! Elfu moja mia tisa sabini na saba, Feketevölgy... Ottó Halmai. Eh? Wewe si Sipos?"

"Ndiyo Sipos," nikasema.

"Basi huyu Halmai nani? Au ulibadili jina ulipoolewa?"

Walicheka mpaka Mturuki mmoja akaomba atafsiriwe, akatafsiriwa, akacheka upya. Nilijaribu kueleza habari ya cheti na ndoo. Jaribu wewe, mwalimu, kuwaeleza wabeba zege kwamba ulikuwa kocha ila kwa siri, na mbinu zako ulizitoa kwa sponji. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kushika matumbo.

Tangu siku hiyo wananiita Ottó. "Ottó, lete toroli!" "Ottó, zege inakauka!" Naitika, kwa sababu nisipoitika msimamizi anadhani nimekuwa kiziwi, na viziwi hawawekwi kwenye jukwaa la ujenzi.

Nina jambo moja sikukuambia miaka kumi na sita yote. Ukitaka kujua kwa nini nilinyamaza, haikuwa kumwogopa katibu. Ni ile dakika ya sabini na moja. Unakumbuka? Tuko sare, Tornyos amechoka, anaburuta miguu. Nilikuinamia nikakwambia, "Mtoe Tornyos, amekwisha." Hukujibu. Nikarudia. Hukuinuka. Wewe peke yako ndiye uliyeruhusiwa kupeleka ile karatasi ya kubadilisha mchezaji kwa mwamuzi wa mezani, mimi nisingeweza kufanya kitu. Nilikulaani kimoyomoyo. Na dakika ya sabini na tisa, kona, Tornyos yule yule akaruka, kichwa, bao, kombe.

Siku ile nilijiambia: kumbe mwalimu ameona kitu ambacho mimi sikukiona. Timu ni yangu, lakini bao ni lake. Ndiyo maana ulipobeba kombe kwenye jukwaa mimi nilikusanya soksi na sikuumia. Nilisema jina lake kwenye karatasi amelilipia.

Ungeniomba jina lile, ningekupa. Sasa umeniomba baada ya kulichukua. Hiyo supu kaile mwenyewe.

Vendel


Feketevölgy, 16 Mei 1993

Vendel,

Mwezi mzima nimeanza barua hii na kuichana. Mke wangu anasema karatasi zote za nyumba zimekwisha.

Yote uliyoandika ni kweli. Keserű alikuja mwishoni mwa Februari na mpiga picha. Akaniuliza, "Wewe ndiye Halmai, kocha wa sabini na saba?" Nikasema ndiyo. Sikufikiri. Miaka kumi na sita nimesema ndiyo: kwa mwokaji, kwa kinyozi, kwa wazazi wa wanafunzi, kwa meya, nao huniinulia kofia. Ndiyo imenizoea mdomoni. Alipoondoka ndipo nikakaa nikaona nilichofanya. Nilikuandikia tarehe 14 nikitumaini utasema niache kama ilivyo, ili uongo wangu ugeuke ruhusa yako. Na uliposema sema unachotaka, nilijifanya sikuisikia sauti yako. Niliisikia vizuri sana. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mbili, najua mtu anayesema "haidhuru" huku amekunja ngumi.

Lakini si hilo lililonifanya nichane barua. Ni dakika ya sabini na moja.

Vendel, sikuona kitu. Sikujua kama Tornyos amechoka au hajachoka. Nilikusikia mara ya kwanza, nikakusikia na mara ya pili. Karatasi ya kubadilisha mchezaji nilikuwa nayo mfukoni, na penseli. Nilitaka kuinuka, magoti hayakukubali. Yule mwamuzi wa mezani alikuwa Mjerumani, na katika kipindi cha kwanza alikuwa ameniuliza swali, nami sikumwelewa, akanitazama kwa namna fulani. Nikawaza nikienda sasa ataniuliza jambo la kiufundi, kwa nini huyu, kwa nini sasa, na mimi sina jibu, na uwanja mzima utaona kwamba kocha si mimi. Nikakaa. Dakika nane nilikaa juu ya mikono yangu kama mtoto ambaye hajasoma somo lake. Halafu Tornyos akafunga, na wewe ukanigeukia kwa macho ambayo sijawahi kuyasahau. Ulinitazama kama mtu anayevua kofia.

Ningeweza kukwambia pale pale. Kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi. Na sasa nimejua kwamba uliniachia jina kwa sababu ya macho yale.

Sijui niombe msamaha kwa lipi kwanza.

Ottó


Linz, 27 Mei 1993

Ottó,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula. Nilicheka. Usifikiri ni kicheko kizuri, lakini kilikuwa kicheko, na mpishi akaniongezea viazi akidhani nimepata habari njema.

Magoti! Miaka kumi na sita nimeyavulia kofia magoti yako. Nimelala nikiwaza, mwalimu aliona nini kwa Tornyos? Namna alivyoshika kiuno? Namna alivyotema mate? Hata hapa jengoni, kijana akichoka, huwa najizuia kumwambia apumzike, nasema ngoja, pengine anayo moja ya mwisho ndani yake. Hilo ndilo somo pekee nililojifunza kwako, na kumbe lilitoka kwenye magoti.

Baadaye, nikisukuma toroli, nikafikiri vizuri. Kumbe bao halikuwa lako. Langu pia halikuwa, mimi nilitaka kumtoa. Lilikuwa la Tornyos mwenyewe, na hiyo ni haki yake. Basi kila kilichobaki ni changu. Kukimbia kupanda lundo la mawe alfajiri kabla ya zamu. Vigae. Bikfalvi na mguu wake. Kumfundisha kipa asifunge macho, nikimrushia viazi vibichi. Safari za treni na mkate wa kupaka mafuta na vitunguu, mimi nikigawa vipande na kuangalia nani anakula haraka, maana anayekula haraka ana woga na usimpange mbele. Yote hayo hayamo kwenye cheti chako.

Nimekuwa nikisema sijali. Nimemwambia Magdi, nimemwambia Zsiga, nimekwambia wewe. Nilisema uongo. Nalitaka jina langu, Ottó. Nasema wazi, mara moja, ili usije ukasema hukusikia. Kombe limekufa, hakuna atakayelitwaa tena, kwa hiyo orodha ile haitaongezeka mstari hata mmoja. Kila aliyemo atabakia humo, na ambaye hayumo ndiyo basi. Nina miaka hamsini na tisa na nabeba saruji ya nyumba nisiyojua atakaa nani. Nataka mstari wangu.

Hapa bado naitwa kwa jina lako.

Kuja tarehe 19 siwezi. Wiki ile tunamwaga zege ya ghorofa ya nne, atakayeondoka anakuta mwingine ameshika toroli lake. Kwa hiyo hili utalifanya wewe, na utalifanya kwa miguu yako mwenyewe.

Vendel Sipos


Feketevölgy, 20 Juni 1993

Vendel,

Nakaa kukuandikia siku ya pili yake, kabla sijaanza kuipamba habari.

Nilikwenda kwanza kwa Keserű, Budapest. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, akafunga daftari. "Mzee Halmai," akasema, "mimi nafuata karatasi ya mechi. Nikianza kufuata hadithi za baa, kila kijiji kitakuwa na kocha wake wa siri." Nikamwambia mimi si hadithi ya baa, mimi ndiye saini. Akasema, "Basi ndiyo zaidi, saini yako ninayo." Nikamwomba aje tu tarehe 19. Akasema atakuja, kuna supu?

Klabu nao wakasema kibao kimeshachongwa. Ndipo nikaenda kwa Bikfalvi. Sasa ana duka la baiskeli, na tumbo lake linafika dukani kabla yake. Nilimsomea barua zako. Zote, hata ile ya Pasaka. Alisikiliza huku akipuliza tairi. Mwisho akasema, "Mwalimu, wewe vaa koti lako, kaa kwenye benchi. Haya mengine tuachie sisi."

Jana palijaa watu. Bendi ya wachimbaji ilipiga, wamebaki tisa, ngoma kubwa inapigwa na mpiga tarumbeta. Kibao kilikuwa kimefunikwa kitambaa chekundu, meya amesimama pale. Mpango ulikuwa wakongwe wa sabini na saba wacheze nusu saa na wafanyakazi wa posta, kisha mimi nivute kitambaa.

Dakika ya kumi hivi, mpira uko kule mbali kwenye kona, Bikfalvi akaanguka. Hakuna aliyemgusa, hapakuwa na mtu hata hatua ishirini karibu naye. Akalala chali, ameshika goti, anapiga kelele, "Ndoo! Nileteeni ndoo!" Watu wakacheka, wakasema mzee amejaa bia. Tornyos akamtazama, naye akaanguka. Kisha winga, kisha wa kati wawili. Kipa akatoka golini taratibu, akachagua mahali pasipo na matope, akalala. Kumi na mmoja, Vendel, wote chini, na kutoka kila pembe ya uwanja: "Ndoo! Ndoo!" Wafanyakazi wa posta walikuwa na mpira na goli tupu, hawakuthubutu kufunga. Refa, kijana wa kutoka Pécs, alikuwa anazunguka kama aliyepoteza ufunguo.

Vijana hawakuelewa. Lakini wale wa zamani kule upande wa lundo walielewa. Mtu mmoja akaita jina lako. Nadhani alikuwa mama Szandi, aliyekuwa akifua jezi. Halafu wawili, halafu upande wote. Sipos. Sipos. Meya akamwuliza katibu wake, "Sipos ni nani?" na katibu wake, ambaye baba yake alikuwa zamu ya pili, akasema, "Huyo ndiye kocha, mheshimiwa."

Chini ya benchi walikuwa wameweka ndoo. Ile ile, ya bafuni. Sijui nani aliitunza. Nikaitazama, na magoti yakafanya kama siku ile. Yale yale kabisa, Vendel. Nikakaa labda dakika moja. Kisha nikainuka.

Nilitembea mpaka katikati, maji yakinimwagikia viatuni. Nikapiga magoti kwa Bikfalvi. Akafungua jicho moja.

"Wewe siye," akasema.

"Najua," nikasema. "Mwenyewe yuko Linz, anamwaga zege."

"Basi kawaambie hao."

Nikaenda kwenye kipaza sauti nikawaambia. Cheti, katibu, ndoo, kukohoa mara mbili, dakika ya sabini na moja, magoti yangu. Sikuacha kitu. Sikuvuta kitambaa. Kilibaki pale mpaka watu walipoondoka.

Keserű alizunguka na daftari lake akachukua saini za wachezaji wote kumi na mmoja, Tornyos alitia mara mbili. Mstari kwenye kitabu utakuwa: 1977, Feketevölgy, Vendel Sipos. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba karatasi ilitiwa saini na O. Halmai.

Kuhusu kibao, nilimwambia mchongaji afute jina langu. Akasema shaba haifutiki, ila anaweza kuigeuza na kuchonga upande wa pili. Kwa hiyo wewe utaangalia lango, na mimi nitaangalia ukuta.

Leo mwokaji hakuniinulia kofia. Alinipa mkono. Sijui ni bora au si bora, lakini ni mara yangu ya kwanza kuutoa mkono wangu mwenyewe.

Ottó


Linz, 1 Julai 1993

Ottó,

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana, wote wakiwepo, na Mkroati mmoja akiwatafsiria Waturuki. Sauti ilinikatika pale kipa alipochagua mahali pasipo na matope. Nilisingizia vumbi la saruji, nao wakakubali kwamba ni vumbi.

Zsiga aliacha kula. Kwake huo ni ugonjwa. Alikaa na kijiko hewani. Kesho yake asubuhi, ghorofa ya nne, zege imekuja, kila mtu na koleo lake, nikasikia kishindo. Zsiga amejitupa chini kwenye mbao, miguu juu. "Mguu wangu! Fundi! Fundi Sipos, ndoo!" Msimamizi akaja mbio akidhani kuna ajali. Mimi nilichukua ndoo ya kuoshea makoleo nikammwagia yote kichwani. Alikoroma kama nguruwe. Wote walicheka, na mimi nilicheka nao, na aliponiita tena kuomba toroli aliniita kwa jina langu.

Habari ya jina lako kuangalia ukuta. Sitasema halistahili. Linastahili, kwa muda. Nikirudi msimu wa baridi, kazi ikisimama, tutachukua bisibisi twende tulichungulie, tuone linaendeleaje. Supu nitaila, bakuli tatu.

Mama Szandi msalimie. Tornyos mwambie kwamba ningemtoa, na bado naamini alikuwa amechoka.

Kuna jambo moja limenikera katika barua yako, na nimeirudia mara nyingi nikihakikisha. Unasema Bikfalvi alianguka ameshika goti, hukusema lipi. Magdi alikuwepo, nimempigia simu nikamwuliza. Anasema ni la kulia.

Mwambie kovu liko kushoto.

Vendel Sipos, kocha